Hoteli ya Nje ya Ukuta

Shaka iliyoninyima usingizi ilikuwa kuhusu ngazi. Kwenye simu yangu kulikuwa na picha ya hoteli ya bei nafuu, dakika kumi kwa gari kutoka bustani ya michezo, na katika picha hiyo kulikuwa na ngazi ya chuma iliyopanda ghorofa ya pili kwa nje, yenye kona moja katikati. Chini ya ngazi palikuwa na mashine ya barafu. Jina la hoteli sikulijua. Rangi ya kuta, kijivu na njano, sikuijua. Lakini ngazi ile nilidhani naijua, na kwa siku tatu mfululizo nililala na simu kifuani nikijiuliza kama katika nchi hii nzima hakuna hoteli nyingine elfu zenye ngazi ya chuma na mashine ya barafu chini yake. Bila shaka zipo. Hilo halikunisaidia kitu.

Picha ilitoka kwa baba. Alikuwa ameandika bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake: "Hii nafuu. Ina chai ya asubuhi. Fuatilia."

Baba anaishi Houston, mtaa wa Gulfton, katika fleti ya dada yangu. Dada anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu juu ya zamu. Mume wake anaendesha lori la masafa marefu na huonekana nyumbani kama mwezi, kwa awamu. Wana watoto wawili, wa kiume ana miaka tisa na wa kike sita. Kwa miaka mitatu dada alikuwa amewaahidi kwamba shule zikifungwa atawaleta huku kwetu, kati ya Dallas na Fort Worth, kwenye bustani kubwa yenye yale mabehewa yanayopanda angani kisha yakaporomoka na watu wakipiga mayowe waliyoyalipia. Kila mwaka likatokea la kutokea. Mwaka huu alipata siku tatu za likizo, akanipigia.

"Mdogo wangu, kazi hii ni yako. Wewe ndiye mwenye akili za kulinganisha."

"Kulinganisha nini?"

"Kulala ndani au kulala nje. Ndani ya bustani kuna hoteli, nje kuna hoteli. Niambie ipi itaniumiza kidogo."

Alikuwa ananitania, lakini si sana. Nilimaliza chuo mwaka jana, na kazi niliyoipata ni katika ofisi ya kusafirisha mizigo karibu na uwanja wa ndege. Kutwa nalinganisha bei ya lori na bei ya ndege, bei ya leo na bei ya Alhamisi. Hata kabla ya kazi hiyo nilikuwa hivyo hivyo. Dada hupenda kuwaambia watu kwamba mimi nikitumwa chumvi dukani narudi na maswali.

Naishi Euless. Nimepanga chumba kimoja katika fleti ya nesi Mkenya, mama wa makamo anayefanya kazi usiku na kulala mchana, kwa hiyo sina mahali pa kulaza wageni wanne. Baba hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

"Nije mji anaokaa mwanangu, halafu nilale hotelini? Watu watasemaje?"

"Watu gani, baba?"

"Watu," alisema, kana kwamba walikuwa wamesimama nyuma yake.

Basi nikafungua jedwali kwenye kompyuta. Hoteli ya ndani, ile iliyojengwa ndani ya ukuta wa bustani, ilikuwa ghali mara tatu ya zile za nje, na juu ya bei iliyotangazwa waliongeza ada ya huduma ambayo huioni mpaka ukurasa wa mwisho, ukiwa umeshaandika namba za kadi. Lakini wageni wake huingia bustanini saa nzima kabla ya wengine, hawalipi maegesho, na mtoto akichoka mchana unamrudisha kitandani kwa miguu. Hoteli za nje zilikuwa rahisi, ila kila siku ungelipa maegesho ya bustani, na petroli, na chakula cha mchana cha mle ndani, kwa sababu hakuna atakayetoka kwenda kula kwingine kisha arudi kwenye foleni ile. Nilipojumlisha yote, pengo lilipungua. Halafu nikagundua kwamba chumba cha ndani hakiruhusu zaidi ya watu wanne. Sisi tulikuwa watano. Yaani vyumba viwili. Pengo likapanuka kuliko mwanzo.

Watano: dada, watoto wawili, baba na mimi. Lakini kwenye kisanduku cha idadi ya watu nilikuwa nimeandika sita. Nikafuta, nikaandika tano. Kesho yake, nikiwa katika ukurasa wa hoteli nyingine kabisa, vidole vyangu viliandika sita tena. Sikumwambia mtu. Kuna makosa ambayo ukiyataja yanaanza kuwa na maana.

Siku hiyo hiyo ndipo picha ya baba ilipoingia.

Tulipofika Marekani, tukakaa hapa Euless, tulikuwa watatu, baba, mama na mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Dada alikuja baadaye, akafikia Houston, na Euless hakuwahi kukaa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko nyumbani Tanzania. Hapa alipata kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja kando ya barabara kuu. Jumamosi alinichukua nikakae naye, kimyakimya, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniangalia. Nilikunja taulo. Alinifundisha kubana kona ya shuka chini ya godoro mpaka kitanda kizima kikazike kama ngoma, na alinifundisha kukunja ncha ya karatasi ya chooni iwe pembe tatu. "Ili mgeni ajue kuna mtu amepita," alisema. Mikono yake ilinuka jiki mpaka Jumapili kanisani.

Katika tangazo la hoteli ile ya baba kulikuwa na picha ya bafu. Ncha ya karatasi ilikuwa imekunjwa pembe tatu. Hoteli zote hukunja hivyo, nilijiambia. Nilijiambia tena na tena, kwa maneno yale yale.

Mchana wa siku ya nne, ofisini, badala ya kula nilifungua ramani ya mtandaoni, ile inayokuwezesha kusimama barabarani kwa picha na kugeuka huku na huku. Ramani hiyo ina picha za miaka ya nyuma pia, na unaweza kurudi mwaka mmoja mmoja. Nilisimama mbele ya hoteli. Kijivu na njano. Nikarudi mwaka mmoja: kijivu na njano. Nikarudi minane: nyeupe, na bango la kuuzwa. Nikarudi mwaka mmoja zaidi, rangi ikawa ya matofali, na bango la zamani likawa lile lile nililokuwa nalisoma kutoka dirisha la nyuma la gari letu. Ngazi haikuwa imebadilika kamwe.

Ningefunga pale. Swali langu lilikuwa limejibiwa. Nikarudi mwaka mwingine.

Kwenye varanda ya ghorofa ya pili palikuwa na toroli la shuka, na nyuma ya toroli alikuwepo mtu. Mwanamke, nadhani. Kitambaa kichwani, mkono mmoja kwenye toroli, mwingine umeinuliwa kidogo, labda anafunga mlango, labda anajikinga na jua. Sura yake ilikuwa imefifishwa, kama ramani ile inavyofifisha sura za watu wote. Nilivuta picha karibu. Akawa mkubwa, kisha akawa miraba, kisha akawa rangi tu. Nikarudisha nyuma, akawa mtu tena. Mama alifunga kitambaa kazini. Wafanyakazi wenzake wawili, Wakongo, walifunga pia. Nilimtazama mpaka muda wa chakula ukaisha, na tangu hapo nimemtazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Mama alianguka katika hoteli ile, ghorofa ya pili, akitandika. Ilikuwa shinikizo la damu. Nilikuwa na miaka kumi na tano na ilikuwa siku ya shule.

Watu wa kwetu hawampi mtu habari ya msiba yote kwa mara moja. Humpa kidogo kidogo, kama dawa chungu ya mtoto. Jirani alikuja kunichukua shuleni, akaniambia mama hajisikii vizuri. Garini akasema amelazwa. Tulipofika kwetu, nikaona makochi yametolewa nje, yamepangwa kwenye varanda ya fleti, na mikeka imetandikwa sebuleni. Nilijua pale pale. Hakuna anayetoa makochi nje kwa ajili ya mgonjwa. Lakini wanawake waliokuwa jikoni walinitazama kwa huruma ya kunificha, wakaniambia kaa, ule kwanza, na mimi nikakaa, nikala. Nilikula wali na maharage nikijua, na wao wakinitazama nikila wakiamini sijui, mpaka jioni baba alipokuja akanishika bega na kuniambia. Nililia wakati ule, kwa sababu ndio wakati uliokuwa umepangwa.

Baba alimsafirisha mama nyumbani. Mimi sikwenda, karatasi zangu za uhamiaji hazikuruhusu nitoke nikarudi. Mazishi niliyaona kwenye simu ya mtu, picha ikikatika kila jeneza lilipohamishwa. Baba aliporudi tukahamia Houston, nikamalizia shule huko, na chuo huko. Kazi ndiyo iliyonirudisha Euless. Mwaka mzima nimezunguka kwa barabara za ndani ili nisipite kipande kile cha barabara kuu, na nilikuwa nimejishawishi kwamba ni kwa ajili ya foleni.

Kwa hiyo nilifanya nini nilipohakikisha? Nilifanya kile walichonifanyia wale akina mama wa jikoni. Nilifuta mstari wa hoteli ile kwenye jedwali, nikamwandikia baba: "Nimeangalia, imejaa. Natafuta nyingine." Niliwaza kwamba mzee ameona bei nafuu tu. Wamebadili jina, wamepaka rangi, macho yake si yale ya zamani. Ningemwacha aje alale pale na wajukuu, halafu saa sita usiku atoke kuchota barafu, aione ile ngazi? Nilijiona nina busara. Niliona hata fahari kidogo, ya kwamba sasa mimi ndiye mkubwa anayejua nini kisemwe na lini.

Jumapili baada ya kanisa baba alinipigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ile hoteli, umesema imejaa."

"Ndiyo, baba."

"Nimewapigia. Binti wa mapokezi anasema vyumba vipo, juu na chini. Nimemwuliza mara mbili, maana Kiingereza changu unakijua."

"Labda kuna watu wameghairi."

"Labda," alisema baba. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania rimoti kwa Kiingereza. Akawaambia kwa Kiswahili wanyamaze, na mjukuu wake wa kiume akamjibu kwa Kiingereza kwamba wameshanyamaza tangu zamani, ni yeye babu anayepiga kelele. Baba akacheka kidogo. Nikasikia mlango ukifunguliwa na kufungwa, na sauti za watoto zikabaki ndani.

"Sasa niko nje," alisema. "Mwanangu, ngazi umeiona?"

Nilihamisha simu sikio la pili.

"Umeiona."

"Nimeiona, baba."

"Mimi sikuikuta kwa bahati. Niliitafuta. Jina wamebadili, lakini barabara haikuhama. Nikakutumia picha nione utasema nini. Ukasema imejaa."

"Nilidhani hujui. Nilikuwa nakuficha."

"Na mimi nilidhani hujui. Ulikuwa mtoto. Nikasema nimtumie, kama hajui basi, tutalala pale, nami nitajua peke yangu." Akakohoa. "Tunafichana kitu ambacho kila mtu anacho mfukoni."

Nilimwuliza anataka nini kule. Nilimwuliza kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kama mtu anayemwuliza mtoto anafanya nini na kiberiti.

"Nataka kulala usiku mmoja," alisema. "Nilimchukua hospitali. Nilimpeleka uwanja wa ndege. Nilimzika. Pale alipoangukia sikufika. Viatu vyake na mkoba aliniletea yule mama Mkongo kwenye mfuko wa nailoni, nikapokelea mlangoni, nikasema asante. Miaka tisa. Matanga tulianua nyumbani na ndugu zake, ninyi mabinti zake hamkuwepo, na pale hakuna aliyesema hata sala moja. Nataka niingie, nilale, asubuhi nifungue mlango nitoke. Basi. Mtu akiingia mahali sharti atoke."

"Chumba kile kile?"

"Chumba chochote. Sitaki kumsumbua mtu wa mapokezi na mambo yangu." Kisha akaongeza, kwa sauti yake ya kawaida, "Na kweli ni nafuu. Hilo sikukudanganya."

Nilipokata simu nilibaki na hofu moja tu, na ilikuwa hofu ya kweli, si zile ninazotengeneza. Baba ana miaka sitini na minane. Ana shinikizo la damu lile lile, anameza vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni, na mara mbili mwaka huu dada amempeleka kupimwa kwa kizunguzungu. Nilimwona amelala kwenye kitanda kimojawapo cha ghorofa ya pili, peke yake, amebeba miaka tisa kifuani, na asubuhi mtu wa kusafisha anagonga mlango, anagonga tena.

Nikampigia dada, nikamwambia kila kitu kwa mkupuo mmoja, bila kumpa kidogo kidogo.

"Kwa hiyo mnaijua wote wawili," alisema. "Mimi ndiye sijui hata mlango wake ulivyo."

"Hujakosa kitu, dada."

"Usiniambie nimekosa nini." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Watoto wangu siwalazi pale. Hawana kosa. Wao wanataka kulala wakiyaona yale mabehewa dirishani, basi. Na mimi pia, nikisema ukweli, siwezi. Usinicheke."

"Sikucheki."

"Lakini baba hawezi kulala peke yake na presha ile."

"Mwambie asilale."

"Mwambie wewe," alisema dada. "Wewe si ndiye uliyemwambia imejaa?"

Hilo lilinichoma, na alijua. Akacheka kwa pua, akaniuliza kwa upole, "Na wewe utaweza?"

Nilimwambia nitaangalia. Alisema ndiyo, angalia, ila bei ya ndani inapanda kila siku na watoto wameshafunga mabegi, na bado wiki tatu. Bintiye alikuwa ameweka kwenye begi sufuria, kwa sababu aliambiwa hoteli haina jiko.

Nikarudi kwenye jedwali. Chumba kimoja cha ndani kwa dada na watoto wake: watatu, wanaruhusiwa wanne. Chumba kimoja cha nje chenye vitanda viwili, kwa baba na mtu wa kulala naye. Usiku mmoja tu nje, kama alivyotaka baba; usiku wa pili baba anahamia ndani na kuwa mtu wa nne, nami narudi chumbani kwangu Euless. Jumla ilikuwa chini sana kuliko vyumba viwili vya ndani, na juu kidogo tu ya kuwarundika wote nje. Nilikagua mara tatu nikitafuta kosa, kwa sababu nilitaka kosa liwepo. Hesabu ilikubali. Mimi ndiye niliyekuwa sijakubali.

Jumatatu na Jumanne nilitafuta njia za kuzunguka. Je, baba alale pale na mkwe wake? Yuko barabarani na lori. Je, niwe kwenye chumba cha pili, niwe nampigia simu kila saa? Je, nimwombe mchungaji aje tusali pale mchana, dakika ishirini, kisha sote tuondoke? Hilo lilikuwa wazo zuri, na kwa saa kadhaa nilifurahi, mpaka nikakumbuka kwamba baba hakusema anataka kusali. Alisema anataka kulala, kuamka na kutoka. Na katikati ya mawazo hayo nilirudi kwenye ramani, mwaka ule ule, varanda ile ile, kumtazama yule mtu wa toroli asiye na sura. Nilianza kuwaza kwamba ananitazama. Nilianza kuwaza kwamba mkono ule ulioinuliwa haufungi mlango wala haukingi jua.

Jumatano asubuhi mama mwenye nyumba alirudi kutoka zamu yake akanikuta mezani na simu, chai imeganda utando juu.

"Wewe, hiyo simu itazaa lini?" alisema. "Nimekuacha nayo jana, nimekupata nayo leo."

Nilimweleza, nikidhani nitaeleza kwa ufupi. Alivua viatu vya kazi akasikiliza akiwa amesimama, mkono kiunoni. Nilipomaliza hakuniambia pole. Nilishukuru.

"Kule kwangu kazini," alisema, "hakuna chumba mtu hajafia. Hakuna hata kimoja. Asubuhi tunapiga mopu, tunatandika, tunaingiza mgonjwa mwingine. Sikuambii ni rahisi. Kuna vyumba nikiingia bado naona mtu. Nakuambia tu, tunaingia."

"Na ukimwona?"

"Namsalimia, naendelea na kazi yangu. Na weka hiyo chai kwa microwave, inanitia huzuni." Akaenda kulala.

Alhamisi nilitoka kazini saa kumi na moja. Jua lilikuwa bado kali, ndege zilishuka moja nyuma ya nyingine, chini kiasi cha kuona magurudumu. Nilipofika kwenye taa ambapo kila siku nakata kulia kuingia barabara za ndani, nilinyoosha. Ni dakika nane. Kwa mwaka mzima nilikuwa naishi dakika nane kutoka pale.

Hoteli ilikuwa ndogo kuliko kwenye picha, na ndogo zaidi kuliko kwenye kumbukumbu. Niliegesha nikabaki ndani ya gari, injini ikiunguruma, nikijipa sababu. Juu kwenye varanda kulikuwa na toroli kweli, milango miwili wazi, na mwanamke aliyetoka na shuka mikononi. Alikuwa kijana, pengine wa umri wangu, na sikio moja lina kisikilizio cha simu. Alikuwa akiongea na mtu kwa Kihispania na kucheka. Alitupa shuka kwenye mfuko, akanitazama mara moja kama unavyotazama gari lililoegeshwa, akarudi ndani. Nilisubiri nisikie kitu. Nilisikia mashine ya barafu ikimwaga barafu.

Binti wa mapokezi ndiye yule aliyeongea na baba, nadhani, maana nilipotaja tarehe alitabasamu, akasema mzee mmoja wa Houston alipiga kuulizia siku hiyo hiyo, mpole sana, alimshukuru mara tano. Nilisema ni baba yangu. Akaniuliza chini au juu. Nilikuwa nimejiandaa kusema chini, kwa ajili ya magoti ya baba, na sababu hiyo ilikuwa nzuri na ya kweli. Nikasema juu.

Kisha akanieleza kwamba kuna bei mbili. Moja unaweza kughairi mpaka siku moja kabla na kurudishiwa pesa zote. Nyingine ni nafuu kwa dola tisa, lakini ukilipa umelipa. Maisha yangu yote nimechagua ile ya kughairi. Kazini ndiyo ninayowashauri wateja, hata pale ambapo haina faida, kwa sababu huwezi kujua.

Nilimpa kadi, nikamwambia naomba ile isiyorudishwa. Akaniuliza majina ya wageni. Nikataja la baba, kisha langu. Alichapa karatasi, nikaweka sahihi, nikaipiga picha nikamtumia dada. Halafu, nikiwa bado nimesimama pale mbele ya meza yake, nilifungua ukurasa wa hoteli ya ndani, nikakodi chumba cha dada na watoto, usiku wa pili nikaandika watu wanne, nikalipa, nikampigia baba simu kumwambia nitalala naye.